Kubadili Gasketi Zinazovuja katika Mtambo wa Motaboti ya Zamani

Mkoa wa Singida uko mbali sana na bahari, lakini maziwa haukukosa. Ziwa Singida na Ziwa Kindai yako karibu kabisa na mji, na maji yake ni ya chumvi na magadi. Huko Iramba liko Ziwa Kitangiri, ambalo hupokea maji ya mbuga ya Wembere na kuyatoa kwa mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi. Kitangiri ni ziwa la wavuvi. Kina chake ni kidogo, matope yake ni mengi, na upepo ukivuma mawimbi huwa mafupi na ya kugongana. Mwenye mtumbwi wa makasia akichoka hupumzika, kisha huendelea. Lakini mwenye motaboti ambaye mtambo wake umezimika katikati ya ziwa hana la kufanya ila kuchukuliwa na upepo. Ndiyo maana habari ya gasketi, ijapokuwa ni kitu chembamba kama karatasi, si habari ya mafundi peke yao.

Tena wasiokuwa na chombo cha majini wasiache kusoma. Mtambo wa dizeli uendeshao motaboti ya zamani ni ndugu wa ule usagao mahindi na mtama katika vijiji vyetu, na wa ule uvutao maji kisimani. Vyuma vyake ni vile vile, na gasketi zake huharibika kwa sababu zile zile.

Gasketi ni nini? Mtambo haukufanywa kwa kipande kimoja cha chuma. Kuna bloku, yaani mwili wenyewe wenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Na juu yake hukaa kifuniko kizito chenye valvu, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Vyuma viwili, hata vikisuguliwa namna gani, havikutani sawasawa kabisa. Hubaki nafasi ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, lakini maji, oili na moshi huziona. Basi katikati huwekwa gasketi ili izibe. Ya silinda hedi hufanywa kwa shaba nyekundu au bati lililofunika kitu kisichoungua, kwa maana hukaa baina ya moto wa dizeli, maji ya kupoza na oili, na lazima izuie vyote vitatu visichanganyike. Za pampu ya maji, za beseni ya oili iliyo chini na za kifuniko cha valvu hufanywa kwa karatasi ngumu, kizibo au mpira. Ya ekzosi hufanywa kwa kitu kivumiliacho moto.

Dalili za kuvuja hutofautiana. Gasketi ya beseni ikivuja, oili huonekana ngamani, ikielea juu ya maji yenye rangi rangi kama upinde wa mvua. Hiyo ni hasara na uchafu, na oili ikimwagika ziwani hudhuru samaki, lakini mtambo utaendelea kwenda maadamu oili haijapungua mno. Ya ekzosi ikivuja husikika mlio wa kupuliza, na masizi huonekana penye ufa. Hiyo isidharauliwe hata kidogo katika chombo chenye chumba au turubai, kwa sababu ndani ya moshi wa mtambo imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huivuta akidhani amechoka tu, kichwa kikamwuma, akalala, asiamke tena.

Lakini mbaya zaidi ni ya silinda hedi. Toa kijiti cha kupimia oili ukitazame: oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na oili ya namna hiyo hailainishi tena vyuma. Moshi ukiwa mweupe daima, hata baada ya mtambo kupata moto, labda maji yanaingia katika silinda. Ikiwa mtambo una rejeta au tangi la maji, fungua kifuniko chake asubuhi mtambo ukiwa baridi, kisha uuwashe. Mapovu yakitoka mfululizo, moshi unapenya katika njia ya maji. Na mtambo uliolala usiku kucha ukikataa kabisa kuzunguka, usiulazimishe. Huenda silinda imejaa maji. Hewa hukubali kubanwa, bali maji hayakubali. Mwenye kulazimisha atakunja mkono wa pistoni, na hapo hatatafuta gasketi tena bali mtambo mwingine.

Sasa tuje kwenye kosa la watu wengi. Akiona mvujo, mtu huchukua spana ndefu akazikaza nati kwa nguvu zake zote. Mvujo ukipungua hufurahi, akaenda ziwani. Lakini gasketi iliyokwisha ungua haiponi kwa kubanwa, na nati zilizokazwa bila kipimo huivuta silinda hedi ikapinda, au hukata bolti. Mwingine hununua gasketi mpya, akaipaka gundi nyingi pande zote mbili, akaifunga, na baada ya majuma machache inavuja pale pale. Husema gasketi za siku hizi ni mbovu. Pengine ni kweli, maana bidhaa za bandia zipo; lakini mara nyingi gasketi haina kosa. Kosa liko katika kitu kilichoiunguza ile ya kwanza, na kitu hicho hakikuguswa.

Kwa kawaida kitu hicho ni joto la kupita kiasi. Madereva wa malori waliopanda Sekenke kwa barabara ya zamani wanajua habari hii vizuri: gari lenye mzigo mzito na rejeta chafu lilichemsha maji kabla ya kufika juu, na baadaye silinda hedi ikatakiwa kufunguliwa. Motaboti haipandi mlima, lakini nyingi za zamani hazina rejeta. Huvuta maji ya ziwa yenyewe, huyapitisha katika mtambo, kisha huyatupa nje. Katika ziwa la matope kama Kitangiri, maji hayo huingia pamoja na tope na majani. Tope hukaa katika njia nyembamba za bloku, likakauka likawa kama udongo wa ukuta. Ndani ya pampu nako kuna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Mchanga huyala mabawa hayo, nalo likiachwa kukaukiwa hata dakika chache hukatika, na vipande vyake huziba njia. Mtambo wapata moto, silinda hedi yapinda, gasketi yaungua. Katika maziwa ya magadi kuna adui mwingine tena: magadi hula aluminiamu, na silinda hedi ya aluminiamu hutobolewa kidogo kidogo pembezoni mwa matundu ya maji, mpaka gasketi haina mahali pa kukalia.

Kabla ya kufungua lolote, chombo kivutwe nchi kavu. Ikiwa haiwezekani, funga kwanza koki iingizayo maji ya ziwa, kisha uhakikishe kwa kulegeza mpira wake kidogo kwamba maji hayaji. Pampu ya maji ya motaboti nyingi imewekwa chini kuliko uso wa ziwa, hivyo mtu akiifungua huku koki iko wazi, ziwa litaingia chomboni kwa njia hiyo hiyo, na chombo kitazama kikiwa kimefungwa gatini. Tenga betri. Ukiwa mtambo wa petroli, kausha ngama na uache upepo upite muda mrefu, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini usionekane, nao cheche moja yautosha.

Acha mtambo upoe kabisa. Silinda hedi ikifunguliwa ingali na moto hupinda. Mwaga maji na oili katika vyombo, wala si katika ziwa. Piga picha kwa simu ya kila bomba na kila waya kabla ya kuutoa. Chukua kipande cha boksi, uchore umbo la silinda hedi, utoboe matundu, na kila bolti uitoayo uichomeke mahali pake, kwa sababu bolti zote hazina urefu mmoja. Bolti fupi ikitiwa penye ndefu haishiki vizuri, na ndefu ikitiwa penye fupi hugota chini kabla ya kubana kitu.

Nati hulegezwa kidogo kidogo, kila moja robo mzunguko, kuanzia za pembeni kuja katikati. Yenye kutu itiwe mafuta mepesi tangu jana yake, igongwe polepole kwa nyundo ndogo, ijaribiwe kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Haraka hapa huleta bolti iliyokatikia ndani, na kuitoa hiyo ni kazi ya siku nzima, pengine zaidi. Zikiisha kutoka zote, silinda hedi huinuliwa wima na watu wawili. Ikiwa imeganda, igongwe ubavuni kwa kipande cha ubao. Usichomeke bisibisi katikati ya vyuma na kuikunjua, maana alama moja ya bisibisi katika uso uliosawazishwa ni mfereji wa mvujo ujao.

Hapo itazame gasketi ya zamani vizuri kabla ya kuitupa, kwa maana imeandika habari zote. Palipoungua pakawa peusi baina ya silinda mbili, ndipo moto ulipopita. Palipo na kutu na ulaini, ndipo maji yalipopita. Ikiwa imebanwa sana upande mmoja na upande mwingine inaonekana kama mpya, aliyeifunga hakukaza sawasawa, au chuma kimepinda.

Lakini ishikwe kwa uangalifu. Gasketi nyingi za mitambo ya zamani zilitiwa asbesto, na vumbi la asbesto likivutwa huleta maradhi ya mapafu, hata saratani, baada ya miaka mingi. Mtu haoni lolote siku ile, hivyo hudharau. Ilowesheni kwa maji kabla ya kuikwangua, msitumie brashi ya waya ya umeme wala kupuliza kwa hewa, na mabaki yafungwe katika mfuko yasitupwe mahali watoto wachezapo. Wanaofanya kazi hii kila siku watafute kinyago cha kweli cha kuzuia vumbi hilo. Kitambaa cha puani hakitoshi.

Ziba silinda na matundu kwa matambara safi, kisha kwangua mabaki kwa kipande cha shaba au mti mgumu. Msasa haufai: huacha punje zinazokula silinda, tena huondoa chuma mahali pamoja kuliko pengine. Uso ukisha safika, uwekee rula ya chuma iliyonyoka, kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hata pembe, ukijaribu kupitisha chini yake zile bapa nyembamba za kupimia ziitwazo fila. Kitabu cha mtambo ndicho kisemacho kiasi gani chavumilika. Kwa mitambo midogo mingi bapa ya milimita 0.1, karibu unene wa karatasi moja ya daftari, ikipita, silinda hedi haifai kurudishwa ilivyo. Itapelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma ili isawazishwe. Hiyo ni safari na gharama, nami najua wengi huishia hapa wakasema itatosha. Haitatosha. Gasketi haiwezi kunyosha chuma.

Ufa nao utafutwe. Pangusa uso, upake mafuta ya taa, uyafute yakauke juu, kisha paka chokaa ya ubaoni iliyosagwa. Mafuta yaliyojificha katika ufa hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya chokaa. Mtindo huu ni wa zamani na hauhitaji chombo cha bei.

Ikiwa kazi italala mpaka vipuri vifike, vyuma vilivyosafishwa vipakwe oili au grisi. Meli iitwayo Liemba ya Ziwa Tanganyika ni ushuhuda. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaunganishwa upya Kigoma, na mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Ilipoinuliwa mwaka 1924, baada ya miaka nane majini, mitambo ilionekana bado yafaa, na meli ikarudi kazini mwaka 1927. Basi silinda hedi haitashindwa majuma mawili ghalani.

Gasketi mpya ilinganishwe na ile ya zamani tundu kwa tundu. Ina upande wake wa juu, na mara nyingi upande huo umeandikwa. Ikipinduliwa, njia ya oili au ya maji huzibika, na mtambo huharibika siku ya kwanza. Isitiwe gundi ila kitabu kikisema hivyo. Za karatasi waweza kuzikata mwenyewe: lalisha karatasi ya gasketi juu ya chuma chenyewe, uigongegonge pembeni kwa nyundo ndogo mpaka alama ionekane, kisha ukate. Ya silinda hedi haikatwi nyumbani kwa bati wala kwa kitu kingine cho chote.

Matundu ya bolti yakaushwe. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti ikiingia huisukuma, na kwa kuwa haibanwi hupasua bloku. Kisha kukaza, na hapa ndipo kazi yote husimama au huanguka. Huanza na nati za katikati kwenda nje, kwa kupishana upande huu na huu, kama mtu akunjuavyo mkeka kutoka katikati ili usibaki na mikunjo. Hukazwa kwa raundi tatu: ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kwa kipimo kamili kilichoandikwa kitabuni.

Kipimo hicho hupimwa kwa spana maalumu yenye saa au mlio. Asiye nayo na asiyepata pa kuazima asikisie kwa mkono. Mzani wa ndoano, ule ule upimao samaki, waweza kumsaidia. Tuseme kitabu chataka kilo 6 kwa mita, ambazo ni kama Newton 59 kwa mita. Chukua spana yenye mkono wa sentimita 50 kutoka katikati ya nati hata mahali pa kuvutia, funga ndoano hapo, uvute polepole ukiielekeza kama pembe ya dirisha na mkono wa spana, mpaka mzani usome kilo 12. Kwa kuwa kilo 12 kwa nusu mita ni sawa na kilo 6 kwa mita nzima. Mkono ukiwa wa sentimita 30, mzani usome kilo 20. Hesabu hii ni mfano tu. Kila mtambo una kipimo chake, na mzani mbovu utakudanganya katika nati kama udanganyavyo katika samaki.

Kabla ya kuwasha, nafasi za valvu zipimwe upya, kwa kuwa silinda hedi ilipoondolewa zilibadilika. Njia za maji zisukutuliwe mpaka maji yatoke safi, na gurudumu la mpira la pampu libadilishwe papo hapo, hata kama laonekana zima. Thamani yake ni ndogo, nalo ndilo pengine lililoleta msiba wote. Chujio la maji ya kuingia lisafishwe. Ikiwa oili ilichanganyika na maji, tia mpya, endesha muda mfupi, imwage, kisha tia nyingine pamoja na kichujio kipya.

Mtambo uwashwe chombo kikiwa kimefungwa ufukoni, koki ikiwa wazi, na mtu atazame nyuma kama maji ya kupoza yanatoka. Uendeshwe saa nzima. Pitisha mkono karibu na viungo vyote bila kugusa penye moto, utazame kijiti cha oili, uangalie ngamani kwa tochi. Ukisha poa, mitambo mingi ya zamani hutaka nati zikazwe tena kwa mpango ule ule na kipimo kile kile. Baadhi ya gasketi za siku hizi hazitaki, na maandishi yaliyomo ndani ya pakiti yake husema. Safari ya kwanza iwe ya kando kando ya pwani, na makasia mawili yawe chomboni pamoja na maboya ya kuvaa. Baada ya saa 10 za kazi, oili itazamwe tena asubuhi kabla ya mtambo kuwashwa, wakati maji kama yamo yamekwisha tuama chini. Legeza kidogo skurubu ya kumwagia oili, na kitakachotoka kwanza ndicho kitakachoeleza.